Thaimu sita kwa elfu 45: ipi ya jikoni, ipi ya urembo na ipi iliniachia poti tupu

Thaimu ni mmea mdogo wa majani ya harufu, wa kutia kwenye chakula, na mi nilinunua poti sita za aina tofauti. Naanza na iliyokufa maana ndo ilikuwa ya bei mbaya kuliko zote. Elfu 12 taslimu, kipoti cha kushika kwa mkono mmoja, jani la kijivu limejaa vinyweleo laini kama sikio la mtoto wa mbuzi, yani ukishaipapasa mara moja hutaki kuondoa mkono. Mi niliipa jina la ya manyoya, kitaalamu ni Thymus pseudolanuginosus. Niliinunua mwezi wa pili mwaka jana, jua kali, ikatambaa vizuri kabisa ikafunika uso wote wa poti kama zulia, kila mgeni akija anauliza hii nini jamani. Afu masika ikaanza. Wiki ya kwanza nikaona pale katikati pamelowa na pamekuwa peusi, nikasema labda ni masizi ya jiko la nje, wiki ya pili nikigusa inatoka na vidole kama mchicha uliolala kwenye mfuko, wiki ya tatu nikaitupa kwenye shimo la mboji. Wa Arusha mnajua masika yetu, ikiamua inanyesha usiku kucha na asubuhi mawingu yanakaa juu ya Meru mpaka saa sita, sasa vile vinyweleo vinashika maji kama sweta, na chini mizizi imekaa kwenye udongo ambao mi mwenyewe niliujaza samadi nikijua naipenda. Na jioni bado nilikuwa namwagilia. Msinicheke.

Kilichonipeleka kununua ni kuku. Nyumbani kwangu Jumapili tunachoma kuku kwenye oveni na nilikuwa natumia thaimu ya kichupa ya supamaketi, elfu sita na mia tano, ukifungua unanusa kitu kama majani ya chai yaliyosahaulika kwenye droo. Nikasema hapana, mmea wenyewe unaota, kwanini nisipande. Nikaenda kwenye kitalu kimoja barabara ya kwenda Moshi, sitakitaja jina kwasababu nina ya kuwasifia na nina ya kuwalaumu na sitaki ugomvi na watu ninaowapita kila siku na daladala. Nilitoka na poti sita. Ya manyoya elfu 12, ya limao yenye pembe za njano elfu 10, nyingine ya limao ya kijani tupu elfu 8, ya kutambaa elfu 7, ya kawaida ya jani jembamba elfu 5, na moja ya majani manene elfu 3 ambayo kijana alisema hii ndo thaimu ya kiswahili, hii haifi. Jumla 45,000. Kosa moja kubwa nililofanya siku ile, nilikuwa na mafua. Pua imeziba kabisa, sinusi chochote, nikanunua mimea ya harufu kwa macho. Shikeni hapo, nitarudi.

Sasa kabla sijasema ipi ni ipi, kuna jambo ambalo lingeniokolea elfu 12 kama ningelijua mapema. Huu mmea kwao ni kwenye vilima vya kuzunguka bahari ya Mediterania, Hispania, kusini mwa Ufaransa, Italia huko, sehemu za mawe, chokaa, jua la kutwa, udongo ambao hata mahindi yangekataa. Ndo maana ukiipa maisha ya mbogamboga inakufa. Haitaki samadi nyingi, ukiirutubisha inarefuka inakuwa laini na harufu inapungua, haitaki maji kila siku, inataka jua masaa sita na zaidi, na inataka maji yakimwagwa yapite yaende zake. Mi sa hivi nachanganya udongo ndoo moja, mchanga wa mtoni ndoo moja, na kokoto zile ndogo za ujenzi nusu ndoo, chini ya poti natoboa matundu matano sio moja, na juu namwagia tabaka la kokoto ili jani lisikae kwenye udongo unyevu. Namwagilia nikiingiza kidole nikaona pakavu mpaka pingili ya pili. Masika zinasogezwa chini ya ukingo wa bati. Tangu nianze hivyo hakuna iliyokufa tena, na masika ya mwaka huu imepita.

Haya, ya jani jembamba. Hii ndo ya kawaida, Thymus vulgaris, na zipo za aina mbili mtakazokutana nazo, kuna yenye jani jembamba la kijivujivu ambayo wengi wanaiita ya Kifaransa, na kuna yenye jani pana kidogo la kijani zaidi wanayoita ya Kiingereza. Zote mmea mmoja tu. Yangu ilikuwa ya Kifaransa, kijiti kikavukavu, majani madogo yamekunjwa kwenye pembe kama mkeka uliovingirishwa, ukiiona kitaluni unaipita, haina sura. Elfu 5. Na ndo hii nayotumia mara nne kwa wiki mwaka na nusu sasa hivi. Ukisugua jani moja tu kati ya vidole harufu inakaa mpaka umalize kuosha vyombo. Ni kali, ina moto kidogo, na uzuri wake inavumilia kupikwa muda mrefu, unaitia mwanzo kabisa pamoja na kitunguu na bado mwisho unaisikia. Kuku wa kienyeji anayechemka masaa mawili, maharage, nyama ya mbuzi ya mifupa, hapo hakuna mpinzani.

Ila kipimo jamani. Mara ya kwanza niliiweka kwenye mtori. Mama mkwe wangu ni mtu wa Machame, mtori anaujua kuliko mi ninavyojua jina langu, alikuja kututembelea nikasema leo namwonyesha. Nikachemsha nyama ya mifupa, nikatupia vitawi sita virefu na majani yake yote, ndizi zikaingia, nikaponda kila kitu pamoja. Akaonja kijiko cha kwanza, akakishusha taratibu, akaniangalia: "Mwanangu, nani humu ndani anaumwa kifua?" Mume wangu alicheka mpaka akatoka nje. Na mama wa watu wala hakukosea, ndani ya thaimu kuna kitu kinaitwa thimoli, hichohicho ndo kinatiwa kwenye dawa za kusukutua mdomo na baadhi ya dawa za kupaka kifuani, na ndo kimejaa kwenye zile mbegu za ajwain wanazotia Wahindi kwenye bajia. Ukizidisha unakula famasi. Safari iliyofuata niliweka vitawi viwili, nimevifunga na uzi, vikachemka na mifupa tu, nikavitoa kabla ndizi hazijaingia. Alirudia bakuli na hakuuliza kitu, na mi sikusema.

Kwenye kuku wa oveni nafanya hivi, siagi vijiko viwili, kitunguu saumu punje nne zilizopondwa, chumvi, pilipili manga, majani ya kijiko kimoja cha chai yaliyopukuswa, unaingiza kwa vidole chini ya ngozi ya kifua, tumboni unatia nusu ya ndimu na kitawi kizima. Kupukusa kwenyewe wengi wanateseka, wanachuma jani mojamoja, hapana, shika ncha ya juu ya tawi kwa mkono mmoja, vidole viwili vya mkono mwingine vivute kuelekea chini kinyume na majani yalivyoota, yanatoka yote kwa sekunde unabaki na kijiti. Ncha ikikatika usijali, ni laini, inaliwa.

Na kuna jambo nililiiba kwa Wajamaika. Wao wana wali wao wa maharage unaopikwa kwa tui la nazi, wanatia thaimu, kitunguu cha majani na pilipili nzima isiyopasuliwa. Nikasema kumbe huu ni wali wetu wa nazi na maharage umeenda ughaibuni. Nikaujaribu, vitawi viwili kwenye tui wakati linachemka, pilipili mbuzi nzima juu, nikafunika. Watoto walikwangua sufuria. Kama hamtafanya lolote lingine kwenye hii stori fanyeni hilo, tena kwa wale wa Tanga na Pwani mnaojua nazi vizuri itatoka bora kuliko yangu.

Sasa turudi kwenye mafua. Wiki moja baadaye pua imefunguka, nikakaa barazani nazipitia poti zangu moja moja. Ya limao yenye pembe za njano, nikasugua, Mungu wangu, ganda la limao bichi kabisa na nyuma yake kuna kautamu. Nikaenda kwa mwenzie wa kijani, ile ya elfu 8, lebo inasema limao, nikasugua. Hamna. Nikasugua tena. Nikamwita mume wangu, akasema inanukia kuku. Kumbe ni ya kawaida, ile ya Kiingereza ya jani pana, imebandikwa lebo ya limao na kuongezwa elfu tatu juu. Sio mmea mbaya, msinielewe vibaya, ni laini kuliko ya Kifaransa, haina ule ukali, watoto wanaipenda kwenye viazi vya oveni na mayai, na inajaza poti haraka zaidi. Ila sikuinunua hiyo, nilinunua limao. Kwahiyo ushauri wangu wa kwanza na ambao ningeuweka kwenye bango pale getini, ukiwa kitaluni sugua jani, nusa, ndo utoe hela. Picha haina harufu na lebo haina harufu. Ukiwa na mafua rudi nyumbani.

Hii ya limao ya kweli kitaalamu wanaiita Thymus citriodorus. Yangu ina jani la kijani lenye mzingo wa njano, ipo na ya mzingo mweupe inaitwa Silver Queen ambayo nimeona kwa watu sijapata. Kwangu hii ndo inayokaribia kumaliza kazi mbili, ya macho na ya mdomo. Ipo mbele ya mlango kwenye poti la udongo la kufinyangwa na jioni jua likilala linapiga ile njano utadhani imewashwa. Jikoni lakini haitendewi kama ya kawaida. Harufu yake ya limao ni nyepesi, ukiichemsha na nyama saa nzima inakwenda yote na mvuke unabaki na majani tu. Inaingia mwishoni. Samaki sato, nimemkata mistari, chumvi, kitunguu saumu, nimemfunga kwenye foili kwenye mkaa, akikaribia nafungua natupia vitawi vitatu nafunga tena dakika tano. Au kwenye chai ya rangi, kikombe kimoja vitawi viwili, funika kidogo, sukari kidogo, hiyo ndo chai yangu ya saa kumi na dada wa kazi naye kaishaizoea mpaka anazichuma kabla sijaomba. Nimeijaribu pia kwenye juisi ya nanasi, sio mbaya, sirudii.

Kasoro yake moja ni kwamba hiyo rangi inataka uangalizi. Kila baada ya muda linachomoza tawi la kijani tupu lisilo na njano, na hilo tawi lina nguvu kuliko wenzake kwasababu jani lote ni la kijani linatengeneza chakula kingi, ukiliacha miezi michache mmea wote unageuka kijani na urembo umekwisha. Ukiliona likate mpaka mwanzo wake. Mi nalikata naliweka kwenye chai, harufu ni ileile.

Ya kutambaa, Thymus serpyllum, elfu 7. Hapa nilikuwa na ndoto kubwa. Tumeweka pevingi kutoka getini mpaka mlangoni na kati ya bloku na bloku kuna nafasi kama za vidole vitatu, nikataka zijae kijani chenye maua badala ya magugu. Poti moja niliivunja vipande tisa kila kimoja na mizizi yake, nikapanda kwenye nafasi kila baada ya kama sentimita 25. Miezi minne ya kwanza ni mateso, naomba niseme ukweli maana hakuna anayeusema, ile haijafunga bado kwahiyo magugu yanaota katikati na ukoka unaingia kutoka kwa jirani, unainama unang'oa kwa vidole kila wiki, ukoka ukishaingia ndani ya thaimu kuutoa unatoka na vyote viwili. Mwezi wa tano ikaanza kukutana. Mwezi wa nane ikachanua, maua madogo ya zambarau yamejipanga mpaka huoni jani, na ukipita mguu ukigusa tu harufu inapanda. Haizidi kimo cha vidole vinne. Inavumilia kukanyagwa na wageni, haivumilii watoto kucheza mpira, pale kwenye kona wanapopigia penati imekufa na sijahangaika kuipanda tena.

Na nyuki. Nyuki wanaipenda hii kitu kupita maelezo, Ugiriki kuna asali maarufu kabisa inayotokana na maua ya thaimu, na mi nilikuwa nafurahia kuwasikiliza asubuhi mpaka mtoto wangu wa mwisho alipotoka pekupeku kumkimbilia baba yake getini. Alilia mpaka majirani wakatoka. Tangu siku hiyo kwenye maua tunavaa ndala, sheria ya nyumba. Kama mna mtu nyumbani ambaye nyuki akimuuma anavimba vibaya msiiweke njiani, wekeni pembeni kwenye ukuta wa mawe ikaning'inie, inapendeza hivyohivyo. Kula inalika, ila ladha yake ni hafifu na kuchuma ni kuinama, mi jikoni siihesabu.

Ya majani manene ile ya elfu 3 ndo yenye stori. Kijana alisema thaimu ya kiswahili nikacheka, jani nene kama la aloe ndogo, lina manyoya, meno pembeni, haifanani kabisa na zile nyingine. Ukisugua lakini harufu ni ya thaimu na oregano, lile jani la kwenye piza, pamoja, kali kweli. Kumbe sio thaimu. Jina lake ni Coleus amboinicus, zamani Plectranthus, ni ukoo mmoja mkubwa na thaimu, mnanaa na rihani lakini ni mtu baki. Na cha ajabu kabisa, kijana alikuwa na haki yake, huu mmea asili yake ni hukuhuku kwetu, kuanzia Kenya kushuka Tanzania mpaka Afrika Kusini, ndo ukasafiri ukaenda Asia na Karibiani na huko wakaupa majina yao, kuna wanaouita oregano ya Kuba na kuna wanaouita thaimu ya Kihispania, leo unarudi kwetu kwenye kipoti na jina la kigeni. Mi nimecheka sana na hilo.

Kwa mtu wa Dar, Tanga, Mombasa, Zanzibar, mnunulieni huyu msihangaike. Dada yangu yuko Mbezi, nilimpelekea ile ya Kifaransa kwa basi, ameihangaikia miezi minne, joto la unyevu lile la Dar mwaka mzima, ikawa njano kutoka ndani kwenda nje ikaisha. Nikampa kitawi kimoja cha hii ya majani manene, akakitia kwenye glasi ya maji, kabla wiki mbili hazijaisha kina mizizi, sa hivi anagawia mtaa. Unakata jani moja tu unalikata vipande vidogo kwenye nyama ya kusaga au mchuzi wa samaki, moja linatosha sufuria nzima. Na Wahindi wana njia yao, jani zima unalichovya kwenye unga wa dengu uliokorogwa na chumvi na pilipili, unakaanga kama bajia. Ile nilipika Ramadhani kwa majirani zangu, sahani ilirudi tupu na swali. Kosa pekee usiiweke kwenye sahani ukisubiri ladha ya upole ya kizungu, hii inapiga kelele.

Kuna mtu ataniuliza kuhusu zaatari, najua, kuna shemeji yangu ana ndugu Muscat na kwake thaimu yote ni zaatari. Jina la Kiarabu ndo hilo kweli, ila ule mchanganyiko wa pakiti unaopakwa kwenye mkate na mafuta ya zeituni una ufuta ndani na unga mwekundu wenye uchachu, na jani lake mara nyingi ni la upande wa oregano. Usiununue ukategemea kupika nao mtori. Kwenye mkate ni mtamu mno.

Na mbegu za mitandaoni, hapa niseme kwa ukali kidogo. Jirani yangu alinunua pakiti ya elfu 15 kwa mtu wa mtandaoni, picha inaonyesha mlima mzima umefunikwa zulia la maua mekundu ya damu, maelezo yanasema thaimu ya kutambaa, pandeni mara moja msahau kukata nyasi. Kwanza zile picha nyingi sio thaimu, ni maua ya phlox, yale Wajapani wanayopanda mashamba mazima karibu na mlima Fuji, na nyingine rangi imeongezwa kwa kompyuta. Pili mbegu ya thaimu ni ndogo mno, karibu na vumbi, ukiifukia ndani haioti inataka mwanga, na alizoletewa jirani zilikuwa kubwa kidogo kuliko hizo, kama za mchicha. Zikaota. Zilikuwa mchicha wa porini. Tatu, zile zenye majina, za rangi rangi za njano na nyeupe, hazirudi vilevile kwa mbegu, mtu akikuuzia mbegu za limao yenye pembe za njano mwambie akukatie kipandikizi uone kama anayo. Kipandikizi chenyewe ni rahisi, tawi laini lisilo na maua la urefu wa kidole, toa majani ya nusu ya chini, chomeka kwenye mchanga unyevu kivulini, wiki tatu nne vuta kidogo, ikikataa kutoka ujue imeshika. Mi katika kumi zinashika saba au nane na siweki dawa yoyote.

Kuhusu kukausha, wale wenye miche mingi. Ninakata asubuhi umande ukishakauka, kabla haijachanua ndo harufu imejaa, nafunga mafungu nayaning'iniza kichwa chini stoo kusiko na jua, wiki mbili napukusa naweka chupani. Ikikauka inakolea, kwahiyo panapotaka kijiko cha chakula cha mbichi weka kijiko cha chai cha kavu. Nililinganisha na ya kichupa cha supamaketi, nikamfumba macho mume wangu nikamnusisha, ya kwanza akasema kuku, ya pili akasema nyasi. Sijanunua kichupa tena. Ila ukikata usizidi theluthi ya mmea kwa mara moja na usishuke mpaka kwenye kijiti cha kahawia kisicho na jani, pale haichipui tena, niliharibu upande mmoja wa ile ya Kiingereza hivyo hadi leo ina upara.

Kwahiyo hesabu zangu zimekaaje. Ya Kifaransa na ya limao ya pembe za njano ningezinunua tena kesho kwa bei ileile, tena ile ya Kifaransa hata kwa elfu 10 ningetoa ila msiwaambie. Ya kutambaa ni ya mwenye subira na mgongo mzima. Ya majani manene ni elfu 3 bwana, hata ukikosea umekosea nini. Ya manyoya, kama mko sehemu kavu kama Dodoma huko na mna ukuta wa mawe mjaribu mnipe habari, mi kwa Arusha nimekoma, na kumbukeni jikoni haina kazi, ni ya kupapasa tu.

Huduma ya kitalu nayo niiseme. Miche ni mizima, haina wadudu, viriba vimejaa mizizi, kijana amenibebea poti zote sita mpaka kwenye bajaji bila kuombwa na akanifungia na gazeti zisilale. Kasoro yao ni maelezo. Hakuna aliyeniambia ya manyoya haitaki mvua, hakuna aliyeuliza naishi wapi au nataka ya kupika au ya kuangalia. Na lebo.

Jumamosi iliyopita nilirudi kununua ya kutambaa nyingine. Nikakuta bado zimepangwa zile za kijani, kama ishirini hivi, lebo limao, elfu 8. Nikamwita yuleyule kijana nikamwambia kaka hebu sugua hapa. Akasugua akanusa, akanusa tena, akacheka, "Dada hii mbona ya kawaida." Nikamwambia ndo nilichonunua mwaka jana. Akatoa maka pen mfukoni, akakaa chini pale akaanza kufuta neno limao kwenye lebo moja baada ya nyingine anaandika KAWAIDA kwa herufi kubwa. Bei hakugusa. Pembeni yake zimepangwa za jani jembamba, kawaida, elfu 5. Nikamuuliza sasa na hiyo elfu 8 je, akaniangalia kwa huruma, "Hiyo dada aliandika bosi."